Ndugu yangu amenaswa kambi ya utapeli Myawaddy, wanataka dola 5,000: tulipe?

"Mdogo wangu ana miaka 26. Dalali mmoja wa hapa mtaani alimwahidi kazi ya huduma kwa wateja Bangkok, mshahara dola 900 kwa mwezi, nyumba na chakula juu ya kampuni. Tulimtumia dalali shilingi 180,000 kwa M-Pesa. Uwanja wa ndege alipokelewa na dereva, wakasafiri usiku kucha, kisha akavushwa mto kwa mtumbwi. Sasa yuko Myawaddy, Myanmar. Huniandikia usiku, mara moja kila baada ya siku kadhaa, kisha anafuta. Anasema wanamlazimisha kutapeli Wazungu kwenye simu akijifanya msichana. Bosi anataka dola 5,000 ndipo amwachilie, ama alete watu wawili wachukue nafasi yake. Mama anataka tuuze shamba. Mjomba anasema twende Interpol wakamtoe. Mimi dada yake naogopa tukienda polisi wataambiwa yeye ni mhalifu, kwa sababu ni kweli ametapeli watu, na alikwenda kwa hiari yake. Tufanye nini?"

Pole sana dada, wewe na mama. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini la shamba ndilo lisiloweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo tuanze nalo: msiuze kwanza. Sisemi kwamba pesa haziwezi kumtoa mtu. Wapo waliotoka kwa kulipa. Lakini kuna kazi ya kufanya kabla ya hapo ambayo haigharimu karibu chochote, na pesa mtakazokuwa mmeziacha zitahitajika baadaye, mahali ambapo zina uhakika zaidi wa kumfikisha nyumbani.

Sasa hofu yako ya polisi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya Palermo ya mwaka 2000 inatazama mambo matatu ili tukio liitwe ulanguzi wa binadamu: kitendo (kumwajiri, kumsafirisha, kumpokea), njia iliyotumika (nguvu, vitisho, ulaghai) na lengo (kumtumikisha). Palipo na ulaghai au vitisho, kukubali kwa mtu hakuhesabiki. Mdogo wako alikubali kupokea simu za wateja Bangkok. Hakukubali kufungiwa ng'ambo ya mto na kudaiwa bei ya kichwa chake. Kenya iliingiza jambo hilo katika sheria yake ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya 2010, na kifungu cha 14 cha sheria hiyo kinasema mwathiriwa hatawajibishwa kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Tanzania ina sheria yake ya 2008 na Uganda ya 2009, kwa wasomaji wa huko walio katika shida kama hii.

Kinga hiyo ina mpaka, na hapa nakuomba usome polepole. Inamfunika mtu kwa yale aliyolazimishwa. Anayepandishwa cheo akawa msimamizi wa wenzake kwa kamisheni, au anayewaita marafiki zake waje kutoka nyumbani, huanza kutazamwa kwa jicho jingine, na pengine hushtakiwa. Ndiyo maana lile sharti la "lete watu wawili" ni mtego mbaya kuliko dola 5,000. Huo ndio mtindo wao wa kuajiri: jamaa aliyeko ndani ndiye tangazo linaloaminika zaidi kijijini kwake. Msimtafutie mtu yeyote. Wala msimlaumu akitaja majina kwa kupigwa. Ninyi wahini upande huu: waambieni marafiki zake, waliosoma naye na walio kwenye simu yake, kwamba ujumbe wowote wa kazi kutoka kwenye namba au akaunti yake ukataliwe, hata ukija kwa sauti yake mwenyewe. Msieleze zaidi ya hapo.

Sasa ujue yuko wapi, kwa sababu ushauri mbovu mwingi unatokana na kutojua hilo. Mji wa Thailand unaoitwa Mae Sot uko takriban kilomita 500 kutoka Bangkok, ndiyo ile safari ya usiku kucha. Mto aliovushwa ni Moei, mwembamba, na wakati wa kiangazi kuna mahali mtu huvuka kwa miguu. Ng'ambo ni Myawaddy. Kusini mwa mji kuna kambi iliyojulikana sana kwa jina la KK Park, kaskazini kuna Shwe Kokko, na katikati na pembeni zipo nyingine nyingi ndogo. Serikali ya Myanmar haishiki eneo hilo kama serikali inavyoshika nchi. Wanaolinda ni makundi yenye silaha ya Wakaren: lililo kubwa lilikuwa kikosi cha walinzi wa mpaka chini ya jeshi tangu 2010 na siku hizi linajiita Jeshi la Taifa la Karen, chini ya Saw Chit Thu, ambaye Marekani ilimwekea vikwazo Mei 2025 pamoja na wanawe wawili. Jingine linaitwa DKBA. Makundi haya hukodisha ardhi na ulinzi. Wenye biashara yenyewe kwa sehemu kubwa ni magenge ya Kichina, baadhi yakitokea kwenye kasino zilizokosa wateja wakati wa korona. Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitaja makadirio kwamba angalau watu 120,000 nchini Myanmar na 100,000 Kamboja huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli huu.

Kazi yenyewe imegawanywa kama kiwanda. Wapo wanaotafuta namba, wapo wanaoanzisha mazungumzo ya mapenzi au urafiki kwa maneno yaliyoandikwa tayari, na yupo msichana halisi wa kujitokeza kwenye video pale mteja, yaani anayetapeliwa, anapotaka kuona uso. Baada ya wiki kadhaa mteja huonyeshwa "jukwaa la uwekezaji" la sarafu za kidijitali. Huweka kidogo, huona faida ya uongo, huruhusiwa kutoa kiasi kidogo ili aamini, ndipo huweka akiba yote. Akitaka kuitoa huambiwa alipe kodi kwanza. Mwaka 2024 FBI ilipokea malalamiko ya utapeli wa aina hii wenye hasara ya takriban dola bilioni 5.8 kwa Marekani pekee. Waafrika wa Mashariki wanatafutwa kwa ajili ya Kiingereza chao. Zamu ni za usiku ili ziendane na saa za Marekani, saa 15 na zaidi. Asiyefikisha lengo hukatwa mshahara usiokuwepo, hupigwa shoti ya umeme au huuzwa kambi nyingine, na kila anapouzwa deni lake hupanda.

Ukishaelewa hayo, utaona kwa nini wazo la mjomba halitoshi. Interpol haina askari wa kuvuka mto. Ni mtandao wa kupashana habari kati ya polisi wa nchi na nchi. Inaweza kutoa ilani ya njano kwa mtu aliyepotea, na Juni 2023 ilitoa onyo la dunia nzima juu ya kambi hizi hizi, lakini mtu wa kubomoa mlango lazima awe polisi wa nchi husika. Polisi wa Thailand nao hawana mamlaka ng'ambo. Ubalozi unaandika barua na kufuatilia, haukomboi mtu kwa nguvu. Mjomba hajakosea kutaka lipelekwe huko, maana maombi ya Interpol hupitia polisi wa Nairobi na hilo litafanyika mkishaandikisha. Asitarajie tu helikopta.

Basi watu hutokaje? Mara nyingi hutoka kwa mawimbi, na mawimbi hayo husababishwa na siasa. Januari 2025 mwigizaji wa Kichina, Wang Xing, alichukuliwa kutoka Thailand akapelekwa Myawaddy. China ikapiga kelele, akarudishwa ndani ya siku chache. Tarehe 5 Februari Thailand ikakata umeme na mafuta kwenda upande wa pili. Wiki iliyofuata DKBA ikawavusha watu wapatao 260, zaidi ya nusu yao Waethiopia, na Wakenya wakiwemo. Baadaye maelfu wengine walitolewa kambini. Oktoba 2025 jeshi la Myanmar likavamia KK Park na watu zaidi ya 1,500 wakakimbilia Mae Sot ndani ya siku chache. Kambi hazikufa, zilinunua jenereta, zikaweka vifaa vya intaneti ya satelaiti, nyingine zikahama. Lakini kila wimbi lilipopita, jambo moja lilijirudia: waliotangulia kurudi nyumbani ni wale ambao nchi zao zilikuwa na majina yao, nyaraka zao na tiketi zao. Waafrika wengi walikwama kwenye mabanda ya kusubiria upande wa Myanmar, wakiwa huru kwa jina tu, kwa sababu hakukuwa na ubalozi wa karibu wala mtu wa kulipa ndege. Kwa hiyo kazi yenu kubwa sasa ni kuhakikisha jina la mdogo wako liko kwenye kila orodha, likiwa na nyaraka kamili, kabla wimbi lijalo halijafika.

Anzeni na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha. Kama hamna, ombi lake liko kwenye akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na aliyekata tiketi lazima alikuwa nayo. Kama mna nywila ya barua pepe yake, humo mnaweza kupata tiketi, viza ya Thailand iliyoombwa mtandaoni, na uthibitisho wa kadi ya kidijitali ya kuwasili ambayo Thailand inaitaka kwa kila mgeni tangu 1 Mei 2025. Hizo zinathibitisha tarehe aliyoingia, kwa njia gani, na kwa viza gani. Kama ni ya utalii, huo ni ushahidi mwingine wa ulaghai, kwa sababu kazi halali Thailand hutaka viza ya aina B isiyo ya uhamiaji pamoja na kibali cha kazi.

Kisha mahali. Akiweza kutuma alama ya ramani, nakilini zile namba, msitegemee picha ya ramani. Zikianza na 16 na 98 yuko ukanda wa Myawaddy, na tarakimu nne baada ya nukta zinatosha kuonyesha jengo, maana hapo kosa ni mita 11 hivi. Asipoweza, muulizeni kwa maneno machache: jina la kambi kama wanavyoliita wenyewe, namba ya jengo na ghorofa, je mto unaonekana, jua huchomoza upande upi wa dirisha, wangapi wanazungumza Kiswahili humo. Msimwagize apige picha. Akikutwa na picha kwenye simu ataumia kwa jambo ambalo namba mbili zingeeleza.

Andikeni yote kwenye ukurasa mmoja kwa Kiingereza, kwa kuwa utasomwa na Wathai, Wakenya na watu wa mashirika: majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, namba yake, tarehe ya kuzaliwa, ndege na tarehe, mahali alipo, tarehe ya mwisho ya mawasiliano, hali ya afya, kiasi wanachodai, na namba za dalali. Sentensi moja iseme wazi kwamba alidanganywa kuhusu kazi, anashikiliwa kwa nguvu na anaomba kurudi. Ukurasa huo huo mmoja, bila kubadilishwa, uende kila mahali. Maelezo yakitofautiana hata kwa tarehe, faili husimama.

Pa kwanza ni kituo cha polisi kilicho karibu; ondokeni na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Nayo muende kwenye kitengo cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya) kinachoshughulikia ulanguzi wa binadamu na ulinzi wa watoto, ana kwa ana. Pelekeni nakala kwa Idara ya Masuala ya Diaspora Nairobi na kwa ubalozi wa Kenya Bangkok, ambao mnao bahati kwamba upo. Mtanzania aanze na Wizara ya Mambo ya Nje pamoja na Sekretarieti ya kupambana na biashara haramu ya usafirishaji binadamu iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mganda aende ofisi ya uratibu wa kuzuia ulanguzi iliyo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Kampala. Shirika la Umoja wa Mataifa la Uhamiaji, IOM, lina ofisi Nairobi na Bangkok, na HAART Kenya, shirika la kupambana na ulanguzi, wana uzoefu wa kuzisindikiza familia hatua hizi. Waulizeni pia kuhusu mashirika ya kiraia yaliyoko Mae Sot, maana hayo ndiyo yanayojua kambi kwa jina na hupeleka orodha kwa Wathai. Kila mahali andikeni jina la aliyewapokea na mrudi kuuliza kila wiki. Faili lisilo na mtu wa kulifuatilia huenda chini ya mafaili mengine, na hilo si siri kwa yeyote aliyewahi kusubiri kwenye ofisi zetu.

Kuhusu mawasiliano naye, sheria ni moja: yeye ndiye anayeanza. Simu hukaguliwa, mara nyingine papo hapo, ujumbe ukiingia mbele ya msimamizi. Usiandike neno polisi, ubalozi wala kambi. Kubalianeni maneno mawili ya kawaida ya nyumbani, moja la "niko salama kuandika" na jingine la "kuna mtu anatazama". Asipoandika kwa wiki mbili, msianze kumtafuta kwa namba tano tofauti. Huenda amenyang'anywa simu au amehamishwa. Wala usimsukume atoroke. Kuna walinzi wenye bunduki, na wapo waliozama mtoni. Akijikuta amevuka kwa njia yoyote ile, aende kwa polisi au uhamiaji wa Thailand mwenyewe kabla hajakamatwa barabarani. Namba 1155 ni ya polisi wa watalii, ambao huhudumia kwa Kiingereza, na 1300 ni ya msaada wa kijamii inayopokea taarifa za ulanguzi.

Msiweke uso wake mtandaoni. Mtanitajia huyo mwigizaji wa Kichina, ambaye kelele za mtandao zilimsaidia. Zilimsaidia kwa sababu Thailand iliogopa kukosa watalii wa China. Kwa kijana wetu kelele hizo zinaweza tu kumwambia bosi kwamba familia imeanza kusema.

Turudi kwenye dola 5,000. Bei hiyo haina msingi wowote zaidi ya kile wanachodhani mnaweza kukipata, na familia inayolipa haraka humfundisha bosi kwamba kuna zaidi. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mnatuma nusu, linazuka "deni la chakula", mnalipa hilo, inazuka faini ya viza, au mnalipa yote na anauzwa jengo la pili, ambako hesabu inaanza upya. Malipo hutakiwa kwa sarafu ya kidijitali ya USDT, ambayo ikishatoka hakuna benki ya kuirudisha. Inapita kwenye mifereji ile ile ya pesa za utapeli. Kundi moja la Kamboja, Huione, lilitajwa na Hazina ya Marekani Mei 2025 kuwa kitovu cha kuzitakatisha. Na jihadharini na "waokoaji" wa Telegram. Wengine ni matapeli wa pembeni, wengine ni watu wa kambi yenyewe.

Hata hivyo sitamhukumu mama anayelipa. Kama anateswa vibaya, au ni mgonjwa, na familia imeamua, basi fanyeni hivi. Wapeni DCI na ubalozi taarifa kabla, mkijua kwamba hawatawaambia mlipe. Mwanasheria awaeleze hatari za kisheria. Msemaji awe mmoja tu. Muone kwa video ya moja kwa moja siku ile ile, mkimwuliza jambo ambalo yeye peke yake analijua. Msitoe malipo ya awali wala ya "usafiri". Mpatane mahali na saa ya kumwachilia, ikiwezekana upande wa Thailand, na ubalozi uwe na saa hiyo, kwa sababu wengi huachwa ukingoni mwa mto bila pasipoti. Hifadhini anwani ya pochi ya kidijitali mliyoitumia na namba ya muamala. Wapelelezi wanaweza kuifuata hata miaka baadaye.

Mpaka hapo, bosi anahitaji jibu, na kukataa kabisa kunaweza kumgharimu kijana. Mwambieni ukweli: familia haina pesa, ina kipande cha ardhi, na shamba Kenya haliuzwi kwa siku moja. Linahitaji upekuzi wa hati na kibali cha bodi ya ardhi, ambayo hukutana kwa ratiba yake. Angalau mara moja urasimu wetu una faida. Msitaje tarehe wala kiasi mlichonacho.

Pesa mtakazozihifadhi kwa njia hiyo zina kazi. Akifika Mae Sot atahojiwa na maafisa kutoka idara mbalimbali chini ya utaratibu wa taifa wa Thailand wa kuwatambua waathiriwa. Mahojiano haya yanaamua mengi. Akisema tu "nimepitiliza viza, nataka kwenda nyumbani", atashughulikiwa kama mkosaji wa uhamiaji: faini ya baht 500 kwa siku hadi kikomo cha 20,000, yaani dola 600 hivi, pengine mahakama kwa kuvuka mpaka kinyume cha sheria, kusubiri kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji, na kupigwa marufuku kurudi Thailand kwa miaka kadhaa. Akieleza alivyodanganywa, alivyofungiwa, alivyoadhibiwa na alivyodaiwa pesa, na ukurasa wenu ukathibitisha, anaweza kutambuliwa rasmi kuwa mwathiriwa, na makosa hayo huweza kusamehewa. Ubaya wa njia ya pili ni muda: wengine hukaa kwenye makazi ya hifadhi wiki au miezi wakisubiri taratibu na ushahidi. Ndiyo maana wengi huchagua kulipa faini na kupanda ndege. Ni uamuzi wake. Mnachoweza ni kuhakikisha anaujua kabla hajahojiwa, na kwamba anaomba mkalimani kama Kiingereza chake kinamtupa akiwa na hofu. Kwa njia zote mbili atahitaji hati ya dharura ya kusafiria kutoka ubalozini na tiketi, na tiketi mara nyingi huangukia familia. Hizo ndizo pesa za kuweka kando sasa.

Bado dalali. Msimfuate nyumbani, wala msimtumie vijana. Akishtuka atafuta simu na kuhama mji, na anaweza kupeleka neno kambini. Huenda yeye ni kiungo cha mwisho, aliyelipwa kwa kichwa bila kuwahi kuiona Myawaddy, lakini kupitia kwake wapelelezi wanaweza kumfikia aliyekata tiketi na aliyempokea Bangkok. Chini ya sheria ya Kenya mlanguzi hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, kwa hiyo ana kila sababu ya kukimbia. Hifadhini simu ile ile iliyopokea ujumbe wake. Picha za skrini peke yake hubishaniwa mahakamani. Hamisheni mazungumzo yote ya WhatsApp kama faili, ombeni taarifa rasmi ya miamala ya M-Pesa inayoonyesha jina lililosajiliwa, na andikeni aliyoyasema kwa mdomo mkiwa bado mnakumbuka. Angalieni pia kama kampuni yake imo kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Kama haimo, hilo ni kosa la pili linalojitegemea, na mara nyingi ni rahisi zaidi kulithibitisha. Akijitolea kurudisha zile 180,000 ili "tumalizane", msisaini chochote kabla mwanasheria hajakiona.

Siku atakayotua atachoka kuliko mnavyodhani, na DCI watataka maelezo yake. Aende na mwanasheria au mtu wa shirika linalowasaidia waathiriwa, na aseme kila kitu, hata ile sehemu ya kutapeli, kwa sababu kinga ya kifungu cha 14 inategemea simulizi lisilo na mashimo. Apimwe hospitali ndani ya siku za mwanzo: makovu ya shoti na vipigo yaandikwe na daktari yakiwa bado yanaonekana, na apimwe kifua kikuu, maana mabweni ya kambi na mahabusu husongamana. Abadilishe laini na nywila zote, na aitaarifu benki yake kama kuna akaunti iliyofunguliwa au kutumiwa kwa jina lake akiwa huko. Usingizi usipomrudia baada ya mwezi, akikasirika bila sababu au akianza kusema ni bora asingerudi, usingoje: mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari wa akili siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake njiani.